Kiti cha Mtoto Kwenye Gari la Familia: Kukichagua, Kukifunga na Kumfunga Mtoto

Krismasi ya kwanza ya mtoto wetu tulitoka Njiro, Arusha, kwenda Marangu kwa wakwe, naye akiwa kwenye kiti chake cha gari ambacho niliamini nimekifunga vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimepitisha mkanda, nimesikia kifungio kikilia, na kiti kilikuwa kimesimama wima. Barabara ya Arusha hadi Himo haikuonyesha kasoro yoyote. Tulipoanza kupanda kutoka Himo, kwenye kona kali ya kwanza, kiti kililala upande mzima kama ndoo iliyokosa ngata, na mama mkwe aliyekuwa ameketi pembeni yake akakidaka kwa mikono miwili. "Mwanangu," aliniambia, "si ungenipa tu nimpakate?"

Kuhusu kupakata alikosea, ila kuhusu kiti alikuwa na haki ya kukasirika. Gari linaloenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, mwili wa mtoto mwenye kilo 10 husukumwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 200, yaani mifuko minne ya saruji, na hakuna bibi wala baba mwenye mikono ya kuizuia mifuko minne ya saruji kwa mara moja. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba kiti cha mtoto kilichofungwa na kutumiwa sawasawa hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa takriban asilimia 70, na vya watoto wadogo kwa kati ya asilimia 54 na 80. Uzito wa maelezo hayo uko kwenye neno "sawasawa". Kiti changu siku ile kilikuwa kizuri na cha bei ya kuuma, lakini kwa jinsi kilivyofungwa kilikuwa mzigo mwingine tu ndani ya gari.

Katika maelezo yanayofuata nitatumia neno "siti" kwa siti ya gari lenyewe, na neno "kiti" kwa kiti cha mtoto kinachowekwa juu yake, kwa sababu makosa mengi hutokea hapo viwili hivyo vinapokutana.

Anza na gari, kiti kitafuata

Wazazi wengi hununua kiti kwanza, kisha ndipo hugundua kwamba gari lao halikipokei. Fanya kinyume chake: fungua milango ya nyuma, kaa chini kwa dakika 20, na ulijue gari lako.

Tazama kwanza mikanda ya siti ya nyuma. Mkanda unaofaa kwa viti vingi ni ule wa ncha tatu, wenye sehemu ya nyonga na sehemu ya bega. Katika magari mengi ya zamani kutoka Japani, siti ya katikati nyuma ina mkanda wa nyonga peke yake, ambao haufai kabisa kwa busta (kiti cha kumwinua mtoto mkubwa) na haufai kwa viti vingi vya watoto wadogo isipokuwa kitabu cha kiti kiruhusu kwa maneno. Vuta kila mkanda hadi mwisho wake, utazame kama umechanika, umeungua na jua au umeshonwa. Mkanda ulioshonwa na fundi wa siti hauna nguvu yake ya awali, hata kama ushonaji unapendeza, na dawa yake ni kuubadilisha.

Jambo la pili, ambalo nadhani ndilo chanzo kikubwa cha taabu huku kwetu, ni kava za siti. Gari likishatoka bandarini, wengi wetu hulipeleka kuvalishwa kava za ngozi ya bandia, na fundi akiwa na haraka huvifukia vifungio vya mikanda ya nyuma chini ya kava, kwani hakuna mteja anayeviulizia. Ndivyo ilivyokuwa kwenye gari letu: vifungio viwili vilikuwa vimelala chini ya kava, na kimoja nilikivuta kupitia tundu nililolikata kwa wembe, kikatoka kimepinda na hakisimami mahali pake. Kava laini za kuteleza zina kosa jingine, kwamba kiti huteleza juu yake hata kilipokazwa. Kama unaweza, vua kava ya siti moja kabisa, ile ambayo kiti kitakaa. Uzuri wa gari utapungua kidogo, lakini kiti kitashika.

Ukishavua kava, ingiza vidole kwenye mwanya kati ya kalio na mgongo wa siti, upande wa kushoto na wa kulia. Ukikuta vyuma viwili vyembamba vilivyokazwa kwenye bodi ya gari, vikiwa vimeachana sentimita 28 kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine, gari lako lina mfumo wa ISOFIX, yaani wa kukishika kiti moja kwa moja kwenye bodi bila kutumia mkanda wa gari. Wakati mwingine kuna kitufe au kitambulisho kidogo cha kitambaa kinachoonyesha mahali vilipo. Nchini Japani sheria ya kuwataka madereva wawaweke watoto walio chini ya miaka 6 kwenye viti vyao ilianza tarehe 1 Aprili 2000, kwa hiyo si ajabu kukuta mpangilio huo kwenye magari madogo tunayoyaona kila siku pale Mnara wa Saa. Usipovikuta vyuma hivyo, usihuzunike: kiti kilichofungwa vizuri kwa mkanda hakipitwi na cha ISOFIX, ila ISOFIX hupunguza nafasi ya mtu kukosea.

Kwa wenye Noah na magari ya aina hiyo, hakikisha kwamba siti ya safu ya kati haiwi imegeuzwa kutazama nyuma wakati kiti kinafungwa, na kwamba reli zake zimejifunga pale ulipoisukuma. Kwa wenye Land Cruiser za siti za ubavuni kule nyuma, zile za kukunja, ambazo abiria hukaa wakitazamana, kiti cha mtoto hakifungwi hapo kwa hali yoyote. Viti hivi hupimwa kwa ajili ya siti inayotazama mbele.

Kiti chenyewe: lebo, tarehe, na soko la mitumba

Kiti halali kina lebo. Viti vya Ulaya na vingi vya Japani hubeba lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyotoa idhini, kwa mfano E1 kwa Ujerumani, E11 kwa Uingereza na E43 kwa Japani. Lebo hiyo huonyesha kanuni ya Umoja wa Mataifa iliyotumika. Ya zamani ni R44, ambayo hupanga viti kwa uzito wa mtoto: kundi 0+ hadi kilo 13, kundi I kuanzia kilo 9 hadi 18, kundi II kilo 15 hadi 25, na kundi III kilo 22 hadi 36. Namba ya idhini ya R44 inapaswa kuanza na 03 au 04. Iliyo chini ya hapo ni ya zamani mno, iache. Mpya zaidi ni R129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, ambayo hupanga viti kwa urefu wa mtoto na kudai kwamba mtoto atazame nyuma hadi apite walau miezi 15. Tangu tarehe 1 Septemba 2024 viti vipya vya R44 haviruhusiwi kuuzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya, ingawa waliokwisha kuvinunua hawajakatazwa kuvitumia. Viti vya Marekani havina alama ya E. Vina maandishi ya Kiingereza yanayosema kwamba kiti kimetimiza viwango vya shirikisho vya usalama wa magari.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, mpime mtoto uzito na urefu. Kadi ya kliniki ina uzito wa mwezi uliopita. Urefu mpime mwenyewe akiwa amelala. Umri peke yake haukuambii kiti gani kinamfaa, maana nimewaona watoto wawili wa mwaka mmoja, majirani, mmoja akimzidi mwenzake kwa kilo 4.

Kuhusu viti vya mitumba, pale Memorial mjini Moshi na Kilombero mjini Arusha, siwezi kumwambia mzazi mwenye kipato cha kawaida asivitazame. Ninachoweza kumwambia ni namna ya kuvitazama. Kigeuze kiti chini juu na utafute kwenye plastiki duara dogo lililochongwa, lenye namba 1 hadi 12 pembeni, tarakimu za mwaka katikati, na mshale unaoelekea mwezi mmoja: hiyo ndiyo tarehe ambayo plastiki hiyo ilimiminwa. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa matumizi wa kati ya miaka 6 na 10. Kisha pitisha kucha kwenye kona zote ukitafuta ufa, na mstari mweupe ambao plastiki huufanya ilipokunjwa kwa nguvu. Inua kitambaa utazame kama sponji au foamu ya ndani imevunjika. Funga na fungua kifungio mara 10. Vuta mikanda yake yote. Kasoro mojawapo ikionekana, kirudishe mahali pake hata kama muuzaji ameshuka hadi nusu ya bei. Kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali huenda kisionyeshe alama yoyote kwa nje, na muuzaji wa mtumba hajui kilikotoka; ndiyo maana kiti ulichoachiwa na dada au shemeji yako, ambaye unajua gari lake halijagongwa, ni bora kuliko kizuri zaidi cha sokoni.

Na popote unaponunua, nenda na gari. Omba kukijaribu juu ya siti kabla ya kulipa. Muuzaji atakayekataa amekusaidia kuamua.

Kiwekwe wapi

Kiti kikae nyuma. Siti ya mbele ya abiria katika magari mengi ina eabegi, yaani ule mfuko unaojaa hewa kufumba na kufumbua, na kiti kinachotazama nyuma kikiwa mbele kinauweka mgongo wake, na kichwa cha mtoto, pale pale mfuko unapolipukia. Maandishi SRS AIRBAG kwenye dashibodi upande wa abiria yanatosha kukuambia kwamba upo, na magari mengi yaliyoletwa kutoka Japani hayana swichi ya kuuzima.

Nyuma, sehemu ya katikati iko mbali zaidi na milango, na vitabu vingi huisifia. Mimi sikai sana kwenye sifa hizo, kwa sababu katikati ya magari mengi madogo pana mkanda wa nyonga tu, kuna nundu, na kiti hakitulii. Kiti kilichokazwa barabara upande wa kushoto kinakishinda kilicholegea katikati. Nasema kushoto kwa sababu tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na ukisimama pembeni, uwe Usa River au Kiboriloni, mlango wa kushoto hufungukia pembezoni, mbali na magari na bodaboda zinazopita.

Kukifunga kwa mkanda wa gari

Egesha gari mahali tambarare kabisa. Wanaoishi miinukoni, Kibosho au Ilboru, washuke kwanza hadi penye usawa, kwa sababu ulalo wa kiti ukipimwa kwenye mteremko utadanganya.

Nitaanza na kiti kinachotazama nyuma, kwa kuwa ndicho cha kwanza na ndicho kigumu. Kiweke juu ya siti na utafute upande wake mstari, au kiputo cha hewa ndani ya majimaji, kinachoonyesha ulalo unaotakiwa. Kama hakuna, chukua karatasi ya A4, ikunje upande mfupi ulalie upande mrefu ili upate pembetatu yenye pembe ya digrii 45, na uitumie kulinganisha mgongo wa kiti na wima. Mtoto mchanga anahitaji kulala karibu na digrii hizo 45 ili kidevu kisianguke kifuani na kuziba njia ya hewa. Akishaweza kukaa mwenyewe, kiti kinaweza kusimama zaidi. Siti ikiwa na mteremko unaokifanya kiti kisimame mno, viringisha taulo dogo gumu uliweke chini ya ukingo, pale kalio la siti linapokutana na mgongo wake, iwapo kitabu cha kiti hakikatazi. Taulo moja, wala si mto wa sebuleni, kwani mto hubonyea wakati wa kishindo na kuiacha mikanda imelegea.

Sasa mkanda. Kila kiti kina njia maalumu ya kupitisha mkanda, na viti vya Ulaya huipaka rangi: buluu ni njia ya kiti kinachotazama nyuma, nyekundu ni ya kinachotazama mbele. Kiti kimoja kinaweza kuwa na zote mbili, na kosa la kupitisha mkanda kwenye nyekundu huku mtoto akitazama nyuma ni la kawaida kuliko unavyodhani. Kama maandishi ni ya Kijapani, programu ya tafsiri kwenye simu, ukiielekeza kamera kwenye lebo, itakupa maana ya kutosha. Pitisha mkanda bila kuupinda hata mara moja. Mkanda uliopinda hubeba nguvu kwenye mstari mwembamba badala ya upana wake wote.

Ukishapachika ulimi wa mkanda kwenye kifungio na kusikia mlio wake, hapo ndipo nilipokomea mimi mwaka ule, na hapo ndipo kazi inapoanza. Weka kiganja, au goti kama kiti kinaruhusu, juu ya sehemu mkanda unapopita, ukandamize kwa uzito wa mwili wako hadi uone sponji ya siti ikibonyea. Ukiwa umekandamiza hivyo hivyo, vuta sehemu ya bega kuelekea juu ili sehemu ya nyonga ikaze, hatua kwa hatua, ukirudisha mkanda unaobaki kwenye roli yake. Mtu wa pili akisaidia kuvuta ni bora. Mara ya kwanza utatoka jasho. Usipotoka jasho, rudia.

Baada ya kukaza ni lazima mkanda ujifunge, la sivyo utalegea taratibu kila gari linaporuka tuta. Baadhi ya magari yana mikanda yenye kufuli ndani ya roli: uvute mkanda wote hadi mwisho, uuache urudi, na kama unarudi ukilia tik-tik-tik na hautoki tena ukiuvuta, basi umejifunga. Mikanda ya kawaida hushika tu wakati wa kishindo na haina mlio huo. Kwa mikanda hiyo, kiti chenyewe huwa na kibanio cha plastiki kinachobana mkanda pale unapopita, na kama hakina, hutumika kibanio cha chuma chenye umbo la herufi H, ambacho huunganisha sehemu ya bega na ya nyonga karibu kabisa na kifungio. Angalia pia kifungio kimekaa wapi. Kikilalia ukingo wa plastiki ya kiti badala ya kuwa pembeni yake, mkanda hautakaza na kifungio kinaweza kuvunjika. Badilisha upande wa siti, au badilisha kiti.

Kisha jaribu. Shika kiti pale pale mkanda unapopita, kwa mkono usiouzoea, na ukitikise kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa nguvu ya kumpa mtu mkono. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5, yaani takriban urefu wa kiungo cha juu cha kidole gumba. Usikitikise kwa kushika kichwani mwake, kwa sababu sehemu ya juu ya kiti kinachotazama nyuma husogea kiasi kwa maumbile yake, na utajisumbua kukaza kilichokwisha kukazika.

Kiti kinachotazama mbele hufungwa kwa kanuni ile ile, pamoja na mambo mawili. Kiegemeo cha kichwa cha siti kikikisukuma kiti mbele kisigusane na mgongo wa siti, king'oe na ukihifadhi vizuri kwenye buti, kisije kikaruka chenyewe siku ya ajali. Na kama kiti kina mkanda wa juu wenye ndoano, utumie. Hupunguza sana umbali ambao kichwa cha mtoto hurushwa mbele. Ndoano hiyo huingia kwenye chuma cha gari kilichoko nyuma ya siti, sakafuni mwa buti au darini kutegemea gari, na haiingii kwenye vile vijindoano vyembamba vya kufungia mizigo ambavyo watu wengi huvidhania.

Kwa ISOFIX

Hapa maneno ni machache. Sukuma mikono miwili ya kiti kwenye vyuma viwili hadi usikie milio miwili na alama za pande zote mbili zigeuke kutoka nyekundu kuwa kijani. Alama moja ikibaki nyekundu, hukufunga. Kisha kaza mkanda wa juu, au shusha mguu wa kushikilia hadi ukanyage sakafu, na uhakikishe kwamba chini ya zulia hapana boksi la kuhifadhia vitu, maana mguu ukiwa juu ya boksi tupu utazama. Katika viti vya R129 vyenye mikanda yake, uzito wa mtoto na kiti kwa pamoja hauzidi kilo 33. Viti vya Marekani hutumia vyuma hivyo hivyo kwa mikanda yenye ndoano badala ya mikono migumu, navyo hukazwa kwa goti kama ilivyoelezwa juu. Usifunge mkanda wa gari na ISOFIX kwa pamoja mpaka kitabu kiseme hivyo.

Kumfunga mtoto

Mtoto anaweza kurushwa kutoka kwenye kiti kilichofungwa kikamilifu. Msukume nyuma hadi makalio na mgongo wake viguse kiti bila mwanya. Mikanda ya mabega, kwa anayetazama nyuma, itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kwa anayetazama mbele, itokee usawa wa mabega au juu yake kidogo. Kadiri mtoto anavyokua, mikanda hiyo huhamishwa juu, na hili husahaulika mno kwa sababu ukuaji hautoi taarifa.

Funga, toa ulegevu wa mapajani kwanza kwa kuvuta mikanda kuelekea mabegani, ndipo uvute mkanda wa mbele unaokaza yote. Jaribu kuufinya mkanda kwa vidole viwili pale kwenye mtulinga, kana kwamba unabana nguo kwa kibanio. Ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea. Vidole vikiteleza bila kushika kitu, inatosha. Kiti cha Marekani kina kibanio cha kifuani pia, nacho hukaa usawa wa kwapa, si tumboni.

Sasa niseme juu ya baridi, kwa sababu mwezi Juni na Julai hapa Arusha watoto hutoka nyumbani wamevishwa kama wanapanda Kibo. Koti lililojaa pamba huifanya mikanda ionekane imekaza, kumbe inakaza koti. Lijaribu mwenyewe: mfunge mtoto akiwa na koti lake hadi mikanda ibane, mtoe bila kuilegeza mikanda, mvue koti, mrudishe umfunge. Mikono yako yote miwili itapenya kati ya mkanda na kifua chake. Ulegevu huo ndio ambao kishindo hukutana nao. Mvishe sweta jembamba, mfunge, kisha mfunike kwa shuka au kanga juu ya mikanda. Vivyo hivyo mtoto mchanga hafungwi kwenye kiti akiwa amezongwa na kanga, maana mkanda wa katikati ya miguu hauwezi kupita; miguu iwe huru kwanza, kanga ifuate juu. Mito ya shingo na pedi zinazouzwa pekee, ambazo hazikuja na kiti, ziache dukani.

Bibi atasema miguu ya mtoto anayetazama nyuma imekunjika na anateseka. Mjibu kwa heshima kwamba watoto hukaa hivyo hivyo mkekani wakicheza. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, shingo inayokibeba ni changa, na akitazama nyuma kishindo cha mbele hubebwa na mgongo wa kiti kwa upana wake badala ya kuachiwa shingo. Kwa hiyo usiharakishe kumgeuza. Mgeuze pale anapofikia kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti, hata kama ni baada ya mwaka wa pili au wa tatu.

Akishazidi kiti

Mtoto aliyezidi kiti chenye mikanda yake bado ni mdogo kwa mkanda wa gari. Humfaa busta, yaani kiti cha kumwinua, kikiwa na mgongo, ambacho kazi yake ni kumpandisha ili sehemu ya nyonga ya mkanda ilalie mifupa ya nyonga badala ya tumbo laini, na sehemu ya bega ipite katikati ya mtulinga badala ya shingoni. Busta hutumika na mkanda wa ncha tatu tu. Watoto wengi huihitaji hadi karibu sentimita 145, jambo linalowaudhi wa darasa la tatu wanaojiona wakubwa. Mtoto akiupitisha mkanda wa bega chini ya kwapa kwa kuwa unamkera, simamisha gari umrekebishe.

Safari na matunzo

Arusha hadi Moshi ni takriban kilomita 80, na mtoto anaweza kuzimaliza bila kutolewa. Kwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600, simama walau kila baada ya saa 2 umtoe kitini anyooshe mgongo. Kwa mtoto mchanga wa wiki chache, simama mapema zaidi. Akilia katikati ya njia, anayeketi naye nyuma asimfungue gari likitembea. Dereva atafute pa kuegesha, ndipo anyonyeshwe.

Ukiegesha juani Moshi, tandika kanga juu ya kiti ili chuma cha kifungio kisimuunguze, na mtoto asiachwe ndani ya gari hata kwa dakika za kununua ndizi. Uji ukimwagikia kifungio na kukigandisha, kisuuze kwa maji ya uvuguvugu kulingana na kitabu, usikipake mafuta. Mikanda ipanguswe kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini, isilowekwe wala kutiwa jiki, kwa kuwa jiki hudhoofisha nyuzi. Baada ya ajali ya kishindo, badilisha kiti.

Kikague kila wiki kwa ile mitikiso ya mkononi, na bila kukosa kila gari linapotoka kuoshwa. Vijana wa kuosha magari hukitoa kiti ili wasafishe vumbi chini yake, na hukirudisha kwa nia njema, mkanda ukiwa umepachikwa na umelegea, kama nilivyokifunga mimi siku ya Marangu. Siku hizi nawaomba wasubiri nikitoe mwenyewe, na wakimaliza nakirudisha mwenyewe pale pale, goti juu ya kiti, huku wao wakishangaa mtu anayeligombeza gari safi.